Kopo moja la mafuta, ngozi tatu

Kwetu tulikua na kopo moja. Mafuta ya mgando, lile kopo kubwa la familia, linakaa juu ya kabati ya vyombo karibu na redio, na kila asubuhi kabla ya shule mama anakuita, anachota na vidole viwili, anakupaka uso, shingo, magoti mpaka unang'aa kama sufuria ya wageni, alafu anakuachilia uende. Hakukua na maneno ya ngozi yako ni ya aina gani. Kulikua na watoto waliopakwa mafuta na watoto waliopauka, basi, na hao waliopauka ni mama zao ndio walikua wanasemwa kwa maji.

Sasa mimi niko na miaka 31, naishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi na mdogo wangu na kasini yetu, na nimekuja kugundua juzi tu kwamba bado tunaishi maisha ya kopo moja. Losheni moja kwa bafu. Sabuni moja. Tukiona msichana TikTok amemaliza chunusi na kitu fulani tunachanga, tunanunua, tunapaka wote watatu. Matokeo: mimi natoka chunusi zaidi, mdogo wangu anawashwa mpaka anajikuna usiku, kasini yetu anasema yeye haoni shida na hiyo kitu, ni sisi tuko na roho mbaya.

Kwa hivyo Jumapili moja nikawaambia tufanye lile jaribio la kujua ngozi, ni la bure na halihitaji kitu. Unaosha uso na sabuni pole, unajipanguza polepole bila kusugua, alafu unakaa kama saa moja hivi bila kupaka chochote. Chochote. Dakika kumi hazijaisha mdogo wangu ameshaanza kulia, "naskia uso umevutwa kama ngozi ya ngoma," na kidogo hivi mama akapiga video ya WhatsApp, akatuangalia sisi watatu tumekaa kwa kochi kama watu wamefiwa, akauliza mbona mmepauka hivyo nyinyi wasichana, hata pesa ya mafuta imewashinda? Tukamweleza ni jaribio. Akatuma mia mbili kwa M-Pesa.

Saa ikaisha tukachukua tishu, kila mtu akajibonyeza paji la uso, pua, kidevu na mashavu. Tishu yangu ilitoka na mafuta kila mahali, ya kutosha kukaangia mandazi. Ya mdogo wangu ilitoka kavu vile iliingia, tena na vipande vyeupe vya ngozi. Ya kasini ikatoka na alama za paji, pua na kidevu pekee, mashavu hakuna kitu. Yaani nyumba moja, damu karibu moja, na tuko na ngozi ya mafuta, ngozi kavu na ngozi mchanganyiko. Ile ya nne, ngozi ya kawaida, haiko kwa hii nyumba. Kama uko nayo, hongera, osha uso, paka kitu chepesi na mafuta ya kukinga jua, uende zako.

Nianze na mimi juu ndio najua vizuri venye nilijitesa. Nilikua naamini mafuta ya uso ni uchafu, na uchafu dawa yake ni kuosha, so nilikua naosha uso mara nne kwa siku na sabuni ya kipande, na kuna wakati, wacha niseme tu, nilitumia sabuni ya mche ile ya kufulia. Alafu naweka ndimu. Ndimu jamani! Kitu chenye ukali wa kutoa madoa kwa shati, mimi naweka kwa uso alafu natoka nje kungoja matatu kwa jua. Kumbe juisi ya ndimu ikikutana na jua kwa ngozi inaweza kuchoma kabisa na kuacha alama nyeusi za miezi. Nilipata moja hapa kando ya mdomo, nikadhani ni chunusi mpya, nikaongeza ndimu.

Kitu sikua najua ni hiki. Mafuta yanatengenezwa na vitezi vidogo ndani ya ngozi na bosi wao ni homoni, ndio maana chunusi zinaanza ukibalehe na zinarudi kusalimia kila mwezi kabla ya hedhi. Sabuni haiwezi kuambia homoni kitu. Inafuta tu yale yamefika juu. Na ngozi yenyewe inapenda kuwa na asidi kidogo, pH yake iko kama 5 hivi, na sabuni nyingi za kipande ziko 9 au 10, so kila ukiosha unabomoa ule ukuta wa juu wenye unazuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Unabaki na ngozi yenye mafuta na imekosa maji kwa wakati mmoja. Hii ndio ilinichanganya miaka, yaani uso unang'aa lakini ukicheka unaskia unavuta. Kukosa mafuta ni aina ya ngozi. Kukosa maji ni hali tu, inaweza kupata mtu yeyote, hata mimi na mandazi yangu.

Venye nafanya sai ni kuosha mara mbili, asubuhi na jioni, na sabuni ya maji isiyo na marashi. Kuna siku naweka asidi ya salisiliki ya asilimia 2, hiyo inaingia ndani ya matundu juu yenyewe inapenda mafuta, na kwa chunusi zenye zimekasirika naweka benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, usinunue ya 10 ukidhani utapona haraka, utachomeka haraka tu. Na usitumie taulo yako nzuri, hiyo kitu inatoa rangi kwa kitambaa, niko na taulo ya machungwa imekua na mabaka kama chui. Alafu moisturaiza ya jeli, nyepesi. Ndio, ngozi ya mafuta pia inapakwa. Nilikataa hii maneno kwa muda mrefu sana.

Na paji la uso wangu lilikua na siri yake. Vipele vidogo vidogo vimejipanga kwa laini ya nywele, na vilikua vinazidi kila nikisukwa. Ni mafuta ya nywele. Unapaka kichwa usiku, unalala, yanashuka kwa paji na kwa mto, na asubuhi unalaumu chipsi. Sai napaka kwa mistari tu, nafunga skafu, nabadilisha foronya kila wiki, na hiyo peke yake ilinisaidia kuliko vitu vingi nimenunua kwa kemisti.

Mdogo wangu sasa. Yeye tangu utotoni alikua anajikuna ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, mama alikua anasema ni damu chafu, kumbe ni ekzema, watu wengine wanaiita pumu ya ngozi na hata si jina baya, juu mara nyingi inatembea pamoja na pumu yenyewe na mafua ya vumbi kwa familia moja. Ngozi yake haishiki maji. Na July ile baridi yetu ya Nairobi ikifika, yeye anaoga maji ya moto ya kunyonyoa kuku, nusu saa, anatoka akiwa amejisikia vizuri, na baada ya dakika kumi amekua mweupe kama amepita katikati ya posho mill.

Daktari wa ngozi alimwambia kitu rahisi mpaka tukaskia vibaya kulipa: maji vuguvugu, dakika tano mpaka kumi, na ukitoka usijikaushe kabisa, paka ndani ya dakika tatu ngozi ikiwa bado na umaji. Juu mafuta ya mgando hayaongezi maji, hayana maji hata tone, yanafunga tu mlango. Ukipaka ngozi ikiwa kavu umefungia ukavu ndani. Gliserini nayo ni kinyume, hiyo inavuta maji, lakini ukiipaka peke yake bila kuchanganya na maji inanata, na ukitoka hapa nje kwa vumbi utarudi umebeba barabara nzima. So yeye anaanza na losheni yenye gliserini ngozi ikiwa mbichi, alafu juu anafunga na mafuta mazito. Arimis pia anatumia kwa miguu, ile ya kopo lenye ng'ombe, ilitengenezewa matiti ya ng'ombe ya kukamuliwa lakini nusu ya Kenya imekua nayo na hakuna mtu ametoa maziwa.

Kitu kingine ni maji ya hii ploti yetu. Ya bomba yanakuja siku zake, siku zingine keteka, yule mtunza ploti, anafungulia ya kisima, yale ya chumvi, sabuni haitoi povu na unabaki na utelezi fulani kwa ngozi. Ile sabuni inayobaki ndio inamwasha. Tunawekanga mtungi wa maji ya bomba kando kwa ajili yake ya kujimwagia mwisho. Mimi na kasini tunaoga chumvi yetu kwa amani.

Sasa kasini. Hii ni stori ndefu na amenipa ruhusa, mradi nisitaje duka.

Ngozi yake mchanganyiko haikua na taabu, ungeosha vizuri, uweke kitu chepesi katikati na kizito kidogo kwa mashavu, umemaliza. Shida ni kwamba yeye hakua anaangalia mafuta wala ukavu, alikua anaangalia rangi. Na hapa ndio naona sisi wengi tunapotea, tukisema "ngozi nzuri" tunamaanisha nyeupe kidogo kuliko ya jana, so mtu ako na chunusi anauziwa cha kung'arisha, mtu ako na ukavu anauziwa cha kung'arisha, hata mwenye hana shida anauziwa tu. Aliingia duka moja hapo town, dada wa duka akamwangalia sekunde mbili, akamtolea krimu ya kuchanganywa kwa kikopo hakina jina, hakina tarehe, hakina chochote, elfu moja mia tano. Mkorogo, kwa kifupi. Wiki mbili za kwanza, wacha nisiwe mnafiki, alikua moto. Chunusi ziliisha, uso laini kama wa mtoto, hadi mimi nikauliza anatumia nini.

Mwezi wa tatu wa kuipaka krimu ikaisha, duka wakawa hawana, na siku nne baadaye uso ukawaka. Wekundu, kuchomeka, vipele kote, jua likimgusa analia. Mashavuni unaona mishipa midogo. Daktari alisema dalili zote ni za steroidi kali, zile za jamii ya klobetasoli, zenye nguvu mara mamia kuliko hidrokotisoni ya kawaida ya kemisti, na hazifai kukaa kwa uso kabisa isipokua daktari amesema na kwa siku anazohesabu yeye. Zinatuliza kila kitu haraka, ndio maana unadhani umepona, lakini zinafanya ngozi inakua nyembamba na ukiacha ghafla inakulipiza. Pia zinaficha fangasi: mtu anapaka kwa mashilingi, yale maduara ya fangasi, wekundu unatulia, fangasi wanaendelea kupanua shamba chini kwa chini.

Na hapo ana bahati, juu kwa hivyo vikopo kunaweza kuwa na mengine. Zebaki, inaingia kwa damu na kuharibu figo, na mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013 unakataza vipodozi vyenye zebaki. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha, ambayo ukitumia miaka inaweza kukugeuka, badala ya weupe unapata weusi wa bluu kwa mashavu na kuzunguka macho, na hiyo ni vigumu sana kutoa. Afrika Kusini waliona wanawake wengi wakiharibika hivyo tangu miaka ya sabini mpaka wakaipiga marufuku kwa vipodozi mwaka wa 1990. Hapa kwetu KEBS, lile shirika la viwango, pia wamepiga marufuku vipodozi vya haidrokwinoni na zebaki. Lakini kikopo bila jina huwezi kujua umepaka nini, hiyo ndio maana ya kukosa jina.

Kupona kwake ilichukua karibu miezi nane. Maji, losheni ya bei rahisi isiyo na marashi, mafuta ya jua, na dawa za daktari. Sai anajiita ngozi nyeti, na ukweli unyeti si aina ya tano, unaweza kuwa na mafuta na uwe nyeti, kavu na uwe nyeti, na yeye hakuzaliwa nao, aliununua elfu moja mia tano. Sasa kitu chochote kipya anapaka kidogo nyuma ya sikio, anangoja siku mbili, ndio apake uso. Wote tunafanya hivyo sai.

Nimetaja mafuta ya jua mara nyingi na najua kuna mtu ameshakasirika, sanskrini ni ya wazungu. Skiza. Ni kweli melanini yetu, ile rangi ya ngozi, inasaidia, ngozi nyeusi imekadiriwa kuwa na kinga kama ya SPF 13 hivi, SPF ni ile namba ya kinga ya jua wanaandika kwa sanskrini, na saratani ya ngozi ya jua kwetu ni nadra. Lakini alama nyeusi? Hizo ni zetu. Ngozi nyeusi ikiumizwa na chunusi, wembe, kujikuna, kitu chochote, inamwaga rangi pale, na jua linaifanya ikae. Mimi chunusi inaisha wiki moja, alama inakaa miezi sita. Na Nairobi inatudanganya juu haina joto la Mombasa, unavaa sweta unadhani jua limelala. Tuko karibu kabisa na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kila ukipanda mita elfu moja miale inaongezeka kama asilimia kumi. Mombasa unaskia joto unajificha, hapa unachomwa ukiwa na koti. Hata ukikaa dirishani kwa matatu kutoka Umoja mpaka town, kioo hakizuii miale yote, ile ya kuleta madoa inapita.

Kulikua na daktari Mmarekani, Thomas Fitzpatrick, mwaka wa 1975 alipanga ngozi kwa venye zinaungua ama kubadilika rangi kwa jua, na mwanzoni zilikua aina nne na zote za watu weupe, sisi tukaongezwa baadaye, ya tano na ya sita. Yaani tulifika kwa sherehe sahani zikiwa zimeoshwa. Nadhani ndio maana sanskrini nyingi bado zinakuacha na rangi ya zambarau kama maiti. Tafuta yenye rangi ya kahawia, ile yenye oksaidi ya chuma, haiachi weupe na inazuia hata mwanga wa kawaida wenye unachangia madoa. SPF 30 inazuia kama asilimia 97, SPF 50 kama 98, usiuze simu juu ya hiyo asilimia moja. Paka ya kujaza vidole viwili kwa uso na shingo, na ukikaa nje urudie kila masaa mawili. Kofia na mwavuli pia vinafanya kazi, mama mboga wetu hajawahi kununua sanskrini na anatushinda wote ngozi.

Wanaume, nimeona mmeanza kusinzia. Vile vipele vya shingo baada ya kunyolewa mara nyingi si sabuni wala ngozi chafu, ni ndevu zinazojikunja zikirudi ndani ya ngozi. Usinyoe karibu sana, mashine iache kidogo, na umwambie kinyozi ile spirit apunguze mkono.

Na si kila kitu ni aina ya ngozi pia. Mvua za mwezi wa nne mdogo wangu aliamka na mstari mwekundu shingoni wenye malengelenge, akalaumu jeli yangu, tukapigana. Ilikua ni Nairobi fly, kale kadudu kekundu na keusi, alikaponda akiwa usingizini na sumu yake ikamchoma. Ukikaona kwa mkono kapulize, usikapige, alafu uoshe hapo na maji na sabuni. Jeli yangu ilikua haina hatia na nilidai msamaha.

Kwa bafu sasa tuko na rafu tatu, na jina la kila mtu limeandikwa na maka. Mama alikuja Ijumaa iliyopita, akasimama hapo akaangalia zile rafu kama mtu anasoma orodha ya michango ya matanga. Jioni nikapata jeli yangu, ile ndogo ya elfu moja mia mbili, iko tupu. Alikua amepaka visigino. Vyote viwili, na akaniambia hiyo kitu yako ni maji tu imekauka bila kufanya kazi, walikuibia. Nikamweleza visigino vyake vinataka krimu ya yurea, juu ngozi ya umri wake haitoi mafuta kama zamani na pale chini imekua nene, na jeli ni ya watu wenye mafuta ya ziada kama mimi. Akaniskiza mpaka mwisho, vizuri kabisa. Alafu akafungua mkoba akatoa kopo jipya, lile kubwa la familia, akaliweka katikati ya bafu mahali hakuna jina la mtu. Mdogo wangu alikua ametoka kuoga, bado na maji mwilini, akachota na vidole viwili akapaka miguu yote.

Mama akaniangalia mimi.